Hesabu ya Mchanga

Choo kiliondoka usiku wa kuamkia mfungo.
Hakikuanguka, kiliondoka,
na bati lake, na kandambili za mgeni.
Asubuhi nikasimama ukingoni mwa Mto Tegeta
na kopo la maji mkononi, sina pa kwenda.

Mama Sikujua akacheka hadi akakaa chini.
Kisha akanyamaza, maana nyufa za kwake
zilishafika dirishani.

Tulichota wote.
Ndoo kwa kiroba, viroba kwa tripu,
Fuso likija alfajiri, taa zimezimwa,
tukalipwa kabla ya jua kujua.
Mchanga mzuri, mafundi walisema,
hauna chumvi, hauna tope,
unashika saruji kama kiapo.
Ukapanda Goba, ukapanda Madale,
ukawa maghorofa yenye mageti yanayojifungua yenyewe.
Mimi nilibakiza tripu mbili, nikajenga
vyumba vitatu
na hicho choo.

Mjumbe Mwinjuma alikuja na kopo la rangi nyekundu,
akachora alama ya mkasi ukutani.
Nikamwambia, mto ndio uliosogea, si mimi.
Akapima kwa hatua zake. Akapima tena.
"Hapa hadi majini palikuwa na mita thelathini.
Kumi na tisa ziko wapi?"

Sikumjibu. Nilibandua plasta kwa ukucha,
ikamomonyoka kiganjani:
punje, punje,
na ganda dogo la konokono wa mtoni.

Nikalitia mfukoni.
Masika bado hayajaanza kuhesabu.