Nitarudi

Kaka ndiye aliyempa jina, akaenda zake Geita.
Kwa hiyo kila jioni napanda jiwe hapa Igogo,
napaza sauti: Nitarudi! Nitarudi!
na mama Nkwimba, kichwa nje ya dirisha:
"Kwani unakwenda wapi tena, Lushinge?"

Dagaa mfuko wa kulia. Kamba ya manila, mita kumi.
Kukaa alijua kwa siku mbili.
Kutoa mguu, siku nne; sasa anampa hata msoma mita.
Kuja ndiyo kazi.
Mbuzi wa watu, utumbo wa sato, kenge kati ya mawe,
vyote vinamwita kwa sauti tamu kuliko yangu.

Sharti ni moja, nimelijua kwa kukosea:
akija, hata akichelewa,
hata akiwa na kandambili ya jirani mdomoni,
usimchape. Toa dagaa. Sema, umefika.
Nilimchapa mara moja. Wiki nzima
alisimamia hatua tano, mkia chini, akinipima.

Kaka alipiga simu mara moja tu.
Baba aliipokea na hesabu zote mdomoni:
pesa ya ng'ombe, miaka, aibu.

Leo nimefungua kamba.
Akapotea nyuma ya mawe, upande wa ziwani.
Nikaita. Mawe yakaita pia.
Nikaita.
Kisha kucha juu ya jiwe, kwa-kwa-kwa,
matope hadi masikioni, ulimi nje.

Baba alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi.
Akanyosha kiganja:
"Hebu na mimi. Nipe hao dagaa."