Bahasha ya Alphéda

Onésime hupima ukuta kwa kiganja kabla ya futi,
kisha hutoboa kwa mteremko kidogo kuelekea nje,
"mvua isije ikajikaribisha," asema,
na unga wa mwerezi hunimwagikia viatuni.

Ni Oktoba, Caraquet, kando ya ghuba
ambayo mabaharia wa zamani waliibatiza jina la Joto
na maji yake hung'ata hadi mfupani.

Mimi nimepewa shaba.
Nainyoosha kutoka kwenye koili, goti juu ya ubao,
maana bomba likikunjwa kwa pupa huvunjika shingo,
na lililovunjika shingo haliambiwi pole, hutupwa.
Nikakata. Nikakwangua ukingo, mdomo ukitazama chini
chembe zisitumbukie ndani.
Tone la mafuta. Nikabana, nikazungusha mpini,
mdomo ukafunguka kama wa tarumbeta,
mng'avu, bila ufa, wa kwanza wangu kupendeza,
na nati bado iko mkononi mwangu wa kushoto.

Nati hutangulia. Nati huvishwa kwanza,
ndipo mdomo upanuliwe.
Onésime hakusema neno. Alitafuna peremende yake ya mnanaa,
akanirudishia kikata bomba,
akatazama pembeni
kama mtu anayemsitiri mwenziwe anayevaa.

Jioni tukajaza naitrojeni. Mia tano.
Tukapaka povu la sabuni kila kiungo,
tukangoja puto livimbe. Halikuvimba.
"Ilale hivyo hivyo. Kesho tutaona."
Alphéda Lanteigne alisimama mlangoni,
koti la marehemu mumewe mabegani:
"Na nani atailinda?"
Tukadhani anatania.

Asubuhi akatutolea bahasha ya bili ya umeme,
nyuma yake, kwa penseli:
saa nne usiku, mia tano.
Saa nane, mia nne tisini na moja.
Saa kumi na moja, mia nne sabini na tisa.
Miaka arobaini na mitatu ameamka saa hizo
kulilisha jiko kuni; Euclide alikuwa mzito wa kuamka,
na tangu azikwe jiko halikuacha kuita.
Usiku huu alitoka na tochi na viatu vya mpira
akaisoma sindano ya geji.

Mia nne sabini na tisa.
Tumbo langu likashuka nayo.
Ni mdomo wangu ule wa pili,
nilioupanua kwa haraka ya aibu.
Nikaanza kuitafuta spana.

Onésime akanizuia kwa kiwiko.
Akatazama kipimajoto kilichopigiliwa dirishani,
akaomba penseli,
akaandika hesabu yake chini ya zile za mama.
"Haijavuja. Imejikunyata.
Gesi nayo husikia baridi. Tungoje jua."

Jua la Oktoba huku halina haraka na mtu.
Liligusa kwanza mnara wa kanisa,
kisha mitego ya kambakoche iliyorundikwa kwa jirani,
kisha, likipenda, bomba letu.
Sindano ikapanda kama anayejinyoosha kitandani:
themanini na tano. Tisini na mbili.
Saa nne na robo, mia tano kamili.
Alphéda akaiandika, akaipigia mistari miwili.

Yaliyobaki yalikuwa kazi tu:
pampu ikikoroma, ikinyonya hewa hadi utupu,
valvu ikafunguliwa, gesi ikapita kwa mluzi mfupi,
na mashine ya nje ikaanza kuokota joto
ndani ya hewa ambayo sisi twaiita baridi.
Limo, asema Onésime, ila limetawanyika.

Alphéda akaweka viganja mbele ya uvuguvugu ule,
akavigeuza, mbele na nyuma, kama juu ya jiko.
"Na saa nane usiku," akauliza, "nitafanya nini?"

Hatukujibu. Onésime alikuwa anafunga sanduku la zana,
polepole kuliko ilivyohitajika.
Akaikunja bahasha mara nne,
akaiweka pale juu, mahali pa kiberiti.