Meno Sitini

Msumeno wa Baba ulikuja na meno ishirini na manne,
ya kung'ata mbao mbichi za msituni.
Muuza vifaa wa Coyhaique akaligeuza lile duara, akacheka:
"Kwa plastiki, bibi, chukua la meno sitini.
Meno machache hupasua. Meno mengi hunong'ona."
Bei ilikuwa ya mwanakondoo. Nikalipa.

Na upepo.
Oktoba kwetu si mwezi, ni ugomvi.
Ulikuwa umeng'oa paa la kitalu usiku,
ukaacha giligilani zikitetemeka
kama watoto waliofunuliwa blanketi.

Mabamba matano, marefu kuliko mlango,
bado yamevaa ngozi yao ya bluu.
Nikapima. Nikapima tena.
Nikabandika utepe, nikachora mstari juu ya utepe,
nikavaa miwani, nikafunga nywele,
nikawasha.

Bamba likaanza kurukaruka mezani,
likapiga kelele za sahani
inayooshwa na mtu aliyemeza tusi,
na ufa ukachomoka pembeni, ukakimbia
kule ambako hakuna aliyeuita.
Moja hilo. Yakabaki manne.

La pili nililiendea kwa adabu.
Wasemao haraka haina baraka
hawajawahi kukata plastiki.
Nilisukuma polepole, polepole,
kama anayemtoa mtoto usingizini mgongoni,
nikafika mwisho, nikageuka nyuma:
mstari haupo.
Plastiki imeyeyuka nyuma ya meno, ikajifunga,
kidonda kimepona kabla sijamaliza kukitia.
Nimekata mita mbili, sijakata kitu.
Harufu ya sukari iliyoungua.

Ndipo lango likalia.
Nibaldo.
Miaka minne kaka yangu hajapita lango lile,
kwa ajili ya nguzo tisa za uzio
ambazo yeye alisema zake, nami nikasema zangu,
na Mama akafa tukiwa bado tunazihesabu.
Ameshika jiriwa mbili za mkono na vipande vya ubao.
Hakunisalimu.
"Unaliyeyusha," alisema.

Akaweka ubao chini, ubao juu,
bamba katikati kama jibini kwenye mkate, akakaza.
Akapandisha msumeno hadi meno
yakawa yanachungulia tu upande wa pili.
"Usikawie, usikimbie. Sikiliza.
Ukilia sauti nyembamba, sukuma.
Ukilia sauti nzito, legeza."
Kisha akalalia bamba kwa viganja vyote viwili
lisicheze.

Nikasukuma.
Chenga nyeupe zikaruka, zikatuvamia,
kwenye nyusi zake, kwenye sweta yake ya sufu,
kwenye vinyweleo vya mikono yangu.
Hazifutiki. Ukizifukuza hapa zinahamia pale,
zina umeme fulani wa kitu kisichokubali kuachwa.
Nilitaka kucheka. Nilimtazama.
Alikuwa anatazama mstari.

Nguzo hatukuzitaja.
Nilimpa kibuyu cha chai chungu, akanyonya, akarudisha,
nikajaza, akanyonya tena.
Jioni tukachuna ngozi ya bluu, yeye pembe hii, mimi ile,
na ghafla mikononi mwetu hapakuwa na kitu,
mwanga tu,
na ng'ambo yake mlima wenye theluji.

Lile lililojifunga nimelifanya mlango wa kitalu.
Jua likilipiga ubavuni, kovu linaonekana:
uvimbe mwembamba, umenyooka, karibu umenyooka.
Nimelikunja kwa goti kujaribu.
Halijaachia.

Saladi zina majani manne sasa.
Jiriwa zake ziko mezani, pale pale alipoziacha.
Hajaja kuzichukua.
Sijazirudisha.