Ufunguo wa Jumba la Zimamoto

Ufunguo ninao mimi, Nadzieja, mjane wa Bazyli.
Unaning'inia msumarini jikoni, pembeni mwa kalenda ya kanisa,
meno matatu, kutu kidogo shingoni.
Unafungua jumba la zimamoto la kijiji chetu:
gari moja jekundu, meza kumi na nne za arusi,
jiko la gesi, maji moto.
Watu themanini hulala humo bila kugusana magoti.
Nimewahesabu. Lakini si vuli ile.

Vuli ile ilikuja barua ya serikali,
tai juu, muhuri chini:
huku mpakani ni eneo la hatari,
daktari asiingie, mwandishi asiingie,
jumba lisifunguliwe pasipo amri.
Na msituni walikuwamo watu.
Tuliwajua kwa mbwa, waliobwekea upande mmoja usiku kucha.
Tuliwajua kwa viazi vilivyofukuliwa kwa vidole.
Askari vijana, watoto wa watu, walisimama njia panda
wakinywa chai yangu bila kunitazama machoni.
Redioni mheshimiwa alisema hao si wakimbizi,
ni silaha tuliyorushiwa na jirani.

Silaha gani hiyo, inayoomba chumvi?

Maana mmoja aliniomba.
Alfajiri, nyuma ya banda la kuku,
mguu mmoja na kiatu, wa pili na mfuko wa plastiki,
kiazi kibichi mkononi.
Alisema jina, Muhannad. Akasema Hama.
Nikampa supu, nikampa viatu vya marehemu,
vikamkaa kana kwamba vilimngoja.
Akaniachia simu yake niichaji,
akaonyesha vidole viwili: saa mbili, narudi.
Tochi zikapita barabarani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Novemba jembe tulilishika sisi,
tukachimba udongo ulioganda
kwa ajili ya mtu asiye na jina kibaoni.
Nilitazama miguu kwanza.
Hakuwa yeye. Nikafurahi, Mungu anisamehe,
nikafurahia maiti wa mama mwingine.

Februari, barua tena.
Tai yule yule, muhuri ule ule:
fungueni.
Diwani akaja na mkate na chumvi
juu ya kitambaa kilichotariziwa, ndiyo desturi yetu.
Chumvi! Niliitazama mpaka basi likafika.
Wakashuka wanawake wa Kharkiv, paka ndani ya koti,
mtoto Ostap na kobe wake katika sanduku la viatu.
Wiesiek, aliyekuwa akiwapigia askari kila alipoona moshi msituni,
alileta kitanda cha mwanawe, akalia.
Machozi ya kweli. Nililia naye.
Ila ufunguo ulipogeuka kitasani nilijiuliza:
kumbe ni mwepesi hivi?

Sasa mwaka wa pili. Foleni ya duka, sauti za chini chini:
bado wapo? posho yao, na sisi je?
Yule Oksana umemwona, kapaka kucha rangi.
Inaelekea anayekimbia vita aache kucha zake mpakani.
Barua ya tatu inasemekana iko njiani.

Bibi yangu Eudokia alikimbia kijiji hiki kwa mkokoteni,
mwaka wa kumi na tano, vita ya wazee wetu,
akafika hadi Samara, akazika wawili njiani.
Alisema: vijiji vilivyotupa maziwa, majina nimeyasahau.
Vilivyotufungia visima, nayajua yote.
Akayataja, kimoja kimoja, hadi anakufa.

Juzi Ostap alikuwa jikoni akimlisha kobe kabichi.
Mtoto wa meza, droo yake, ikalia.
Kiooni herufi zisizosomeka kwangu,
zimepinda kama nyuzi za kushonea.
Huita hivyo, baadhi ya usiku.
"Mbona hupokei?" akauliza.

Nimwambie nini aliyeko upande wa pili,
na kwa lugha gani?
Ninaichaji kila Jumapili.