Doa la Bibo

Mimi ndiye niliyezifua.
Kabla bomba halijafika mtaani kwetu, Newala,
maji yalipanda kutoka bondeni kichwani mwa mtu,
na Kocha Mchopa akihesabu: jezi kumi na moja, ndoo tatu.
"Somoe, ya nne ni ya kunywa."

Zilikuwa pamba nzito, zenye kola,
kola ya karani wa boma.
Zikilowa jasho zinawavuta mabega;
kijana akikimbia unasikia shati linampiga kofi mgongoni.
Namba tulizishona kwa mkono, vipande vya kanga kuukuu.
Sita ya Hokororo ilibaki na nusu ya methali: *usilolijua*.
Tisa ya mdogo wake ilikatika uzi juu,
ikaning'inia, ikajigeuza sita,
refa akasimamisha mpira kuuliza nani ni nani.

Kocha alisimama pembeni ndani ya kaunda suti ya kijivu,
kalamu mbili mfukoni,
kama mtu anayesubiri kuitwa shaurini.
Tukifungwa goli, alifungua kifungo.
Siku ya Masasi alibaki na fulana.

Kaptula nazo, basi.
Kwanza fupi, mapaja nje, wazee wakageuza nyuso
(binti zao hawakugeuza).
Kisha zikashuka magotini, pana, zimejaa upepo.
Sasa zimebana tena, na ndani yake kuna nyingine
nyeusi, imebana zaidi, sijui ya nini.
Nafua, siulizi.

Mwaka korosho zilipopanda bei
Nandonde, golikipa, alikwenda mnadani
akakuta belo la mitumba ndiyo kwanza linakatwa kamba.
Akarudi na jezi nyekundu, themanini na nane,
mabega yanawatosha watu wawili wasiogombana.
"Ya Marekani," akasema. "Huko mpira wanaubeba mkononi,
umechongoka huku na huku kama yai la bata."
"Basi ni ya golikipa," nikamwambia.
"Mwingine akiivaa atapigiwa filimbi."

Nikaigeuza kwenye beseni.
Pale begani paliachwa nafasi
ya mabega mengine, ya bandia, yaliyobaki kwao.
Mgongoni jina lilikuwa limebanduliwa,
lakini nguo chini ya herufi haikupigwa jua,
kwa hiyo jina likasomeka
kwa wekundu wake wa siku ya kwanza.
Hatukuweza kulitamka. Tukamwita Nandonde jina hilo hilo,
kila mtu kwa ulimi wake.

Banda la video likaonesha mchezo wenyewe.
Picha za kale: makocha wa huko wana kofia na tai,
makoti marefu, kama waendao mazikoni.
Picha za juzi: mmoja kavaa sweta lenye kofia,
mikono ameikata kwa mkasi, na watu wanamtii.
Mchopa alitazama hadi jenereta likazimwa.
Jumamosi akaja na sweta lenye kofia.
Ilikuwa Julai, ukungu umekaa uwanjani;
hatukucheka, tulimwonea wivu.
Ile kaunda suti nilikutana nayo baadaye shambani,
mwanawe kaivaa, anapulizia mikorosho salfa,
kalamu hazimo.

Na sisi washangiliaji.
Tulikuwa tunanunua kanga jozi moja,
kipande changu, kipande cha Binti Chilumba,
uwanjani tukikaa mbalimbali maneno hayakamiliki.
Leo mgongoni nimebeba jina la kijana
wa nchi ambayo mvua yake sijui inaanza mwezi gani.
Kanga nimejifunga chini. Hiyo sijaivua.

Vitambaa hivi vipya ni vyepesi, nisivisingizie.
Udongo mwekundu unatoka kwa suuza moja,
na mchana vimekauka.
Ila wachezaji wakati wa mapumziko wanakula mabibo,
wanakula wakicheka, midomo wazi,
na bibo halijali pamba wala nailoni.
Themanini na nane linalo moja, kifuani kushoto,
la hudhurungi, kubwa kama sarafu.
Jana nimelisugua hadi vidole vikawaka.

Nimeianika ikitazama barabara.
Siku ikirudi ndani ya belo, ikafika kwao,
mwenye jina lile aikunjue
aulize watu wa nyumbani: hili ni doa la nini?