Zamu ya Usiku

Saa nane za usiku, Katuba. Umeme umekatika tena,
na baridi ya Juni imeingia chini ya mlango
kama mgeni asiyejua hodi.
Nimeamka kwa mazoea. Mwili bado haujaambiwa
kwamba tanuru lilizimwa,
kwamba kampuni ilitupa bahasha, ikatupa mkono, basi.

Nawasha mshumaa. Natoa vikombe viwili.
Kila mara viwili, kisha narudisha kimoja kabatini,
kile cha Numbi, chenye ufa mdomoni.
Kiangazi cha nne hiki tangu tumzike.
Nisichokizoea si kifo. Kifo nakijua.
Ni bukari ya mtu mmoja.
Unga haukubali. Ukitia kidogo, mwiko unakucheka;
ukitia kama zamani, kesho unakula jana,
na kesho kutwa bado unakula jana.

Mapasa wetu wapo. Sisemi hawapo.
Kyungu yuko Kolwezi, anachimba mali ya watu.
Kabange alivuka mpaka, yuko Ndola,
ana mke ninayemjua sauti kuliko sura.
Jumapili simu inalia: "Baba, uko?"
"Niko." "Unakula?" "Nakula."
Halafu mayunite yanakwisha,
na ukimya wa baada ya simu
ni mzito kuliko ule wa kabla.

Kanisani wananiambia: Tata Mwepu, hauko peke yako.
Wanasema vizuri, wananishika mikono yote miwili,
kisha kila mtu anakwenda kwenye sufuria yake.
Siwalaumu. Hata mimi, enzi zangu,
niliwaambia wajane maneno hayohayo
nikaondoka mbio, sombe isipoe.

Basi usiku huu sikuomba kitu.
Nimeichoka sauti yangu ikiomba.
Nilikaa tu kitini, blanketi mabegani,
nikaikumbuka ile bustani:
Wewe chini ya mizeituni, na jasho lako, na wale watatu
wakikoroma hatua chache tu,
watu wazima, wanakupenda, wameshiba, wamelala.
Ukaenda kuwaamsha. Ukarudi. Ukaenda tena.
Hadithi hii naisikia tangu utoto, kule misioni,
wala sikuwahi kuliona hili lililo wazi:
ulitaka mtu wa kukaa naye.
Si jeshi. Mtu. Saa moja.

Nikacheka, Bwana, nisamehe. Nilicheka kwa nguvu
hata Odia, binti wa jirani, akagonga ukuta.
Maana katika dunia hii najua kazi hiyo tu!
Miaka ishirini na saba ya zamu ya usiku,
uso motoni, mgongo baridini,
shaba ikimiminika nyekundu kama jua lililopotea njia,
na sikusinzia hata mara moja.
(Mara moja. Siku Numbi alipojifungua mapasa.)
Ungeniita mimi, nisingekuja na upanga,
wala maneno ya maana nisingekuwa nayo.
Ila macho, Bwana, yangekuwa wazi.

Nikaliendea kabati,
nikakitoa tena kile kikombe chenye ufa.
Nikatia chai ya tangawizi, na sukari iliyobaki,
nikakiweka ng'ambo ya meza.
Niseme kweli: sikuona kitu. Sikusikia kitu.
Mshumaa haukutikisika.
Lakini kile kiti, kitupu miaka minne,
kilikuwa sasa kimya tu,
kama kiti cha mtu asiye na haraka.

Tukakesha.
Nje, lile bomba kubwa limesimama bila moshi
kando ya mlima wake mweusi.
Wauza makala wameanza kupita wakisukuma baiskeli,
nyororo zinalia, mbwa wanajibu.
Odia amegonga tena, safari hii kwa kidole kimoja:
"Tata, tangawizi yako inanukia mpaka huku."
Birika bado liko kwenye mbabula.
Nikamwambia, pita, mwanangu, mlango hauna komeo.
Chai ipo. Kikombe kipo.
Kiti tu,
uje na chako.