Nusu ya Mlango

Ufunguo huu nalala nao shingoni,
umeniachia alama ya kijani kifuani
kama kovu la chanjo.
Wa pili anao Seyni, wa benki ndogo ya Loga,
kilomita arobaini za mchanga.
Kufuli mbili, ghala moja:
nusu ya mlango ni yangu.

Novemba tulivuna uwele.
Malori ya Niamey yalifika kabla makapi hayajatua,
gunia elfu kumi na moja, chukua au acha.
Miaka yote tulichukua,
kisha Julai tukaununua uwele uleule
kwa wenye malori walewale,
karibu mara tatu ya bei.
Kukopa harusi, kulipa matanga, husemwa.
Sisi tulilia matanga
na harusi hatukuionja.

Safari hii tukasema: hatuuzi, tunaweka rehani.
Magunia mia na kumi na manne,
kila moja na jina kwa mkaa.
Ya Hampsatu matano.
Akapewa faranga elfu arobaini na nne,
akanunua karanga, akakamua mafuta uani
hadi viganja vyake viking'aa usiku.

Mei alikuja na sufuria.
Sikusikia hodi. Nilisikia bati likigusa ukuta.
"Ramatu hajala tangu jana.
Nifungulie. Ni wangu mwenyewe. Kibaba kimoja."
Nikamwonyesha ufunguo,
nikamweleza habari za Seyni, sahihi, asilimia.
Hakuja kuelezwa.
Akaenda akaegemea mlango,
pua kwenye ufa,
akivuta harufu ya jasho lake.
Nikampa pumba na mtindi niliokuwa nao.
Alipokea bila neno.
Tusi lingenifaa zaidi.

Deni alilipa. Chupa kwa chupa, soko kwa soko,
hadi lilipokwisha.

Julai Seyni akaja na pikipiki, vumbi hadi kwenye kope.
Ufunguo wangu uliitika.
Wake ukagoma: mvua ya kwanza ilikwishaingia kufulini.
Akagonga kwa jiwe, akamtaja Mungu, akagonga tena,
kijiji kizima kikitazama chuma.
Hampsatu akapita katikati yetu
na chupa yake ya mafuta ya karanga.
Matone mawili.
Kufuli ikakohoa, ikaachia.

Tajiri wa lori alikuwa tayari kivulini.
Akasema elfu ishirini. Tukakalia magunia.
Akasema ishirini na sita. Mtu akapiga miayo.
Thelathini na moja.

Hampsatu aliuza mawili.
Matatu aliyapeleka nyumbani kwa punda wa kuazima,
safari tatu, moja moja,
kana kwamba anataka njia nzima imwone.
Safari ya mwisho alisimama mbele yangu.
"Mwakani," akasema, "huo nitauvaa mimi."

Nikainamisha shingo
nikaanza kutafuta fundo la uzi.